Makaro, Mkono na Herufi: Juu ya Somo la Kuchora Maandishi Katika Kasongo

Tunapotaja desturi za Kasongo, watu wengi wanafikiri mara moja ngoma, ndoa, tohara, mazishi, na zile hadithi ambazo wazee wanatuachia jioni. Kuandika hawakuhesabu. Wanaona kwamba maandishi ni kitu cha ofisi na cha shule, kitu kilichokuja na Mzungu, basi hakina haki ya kukaa pamoja na ngoma mu kijitabu kimoja. Sisi hatukubali. Mji wetu ulijua kuandika mbele ya misioni kujenga darasa lake la kwanza, na hata leo, ukitembea barabarani, unakutana na kazi ya mkono kila upande: jina la duka, kibao cha kituo cha afya, kaliko ya sikukuu, jina la marehemu ku msalaba.

Mu kurasa hizi tunataka kupima njia moja inayofundishwa mu somo la kuchora, yaani kukuza herufi kwa msaada wa miraba midogo, ile wanafunzi wanaita makaro, kisha kuzipaka rangi. Tutasema uzuri wake, na tutasema upungufu wake pia. Sifa bila hukumu haimsaidii mwalimu wala mwanafunzi.

1. Njia yenyewe

Kazi inaanza ku kaye. Kaye nyingi za shule zetu ziko na makaro ya milimita 5 kila upande. Ni bahati ambayo hatuiangalii: chombo cha kupimia kiko tayari ndani ya mfuko wa mtoto, hakuna haja ya kununua kingine. Mwanafunzi anachora herufi ndogo ndani ya makaro hayo. Baadaye anapiga makaro makubwa ku karatasi, ku mbao ama ku ukuta. Idadi ya makaro inabaki ile ile, ukubwa tu ndio unabadilika. Anatazama karo moja: mstari unaingia wapi, unatoka wapi, unakata ubavu katikati ama karibu na pembe? Anaweka alama hizo ku karo kubwa, anaziunganisha, anapita ku karo la pili. Haba na haba hujaza kibaba: karo kwa karo neno zima linatoka.

Tuchukue jina la mji wetu, KASONGO. Lina herufi 7. Tukipa kila herufi upana wa makaro 4 na urefu wa makaro 6, tena tukiacha karo 1 katikati ya herufi na herufi, tunapata makaro 28 ya herufi na 6 ya nafasi, jumla 34. Tuongeze makaro 3 kila upande kusudi neno lipumue, tunafika 40. Mu kaye iliyolazwa, makaro 40 ni sentimita 20. Ku ukuta wa mita 4, kila karo litakuwa sentimita 10, na herufi zitasimama na urefu wa sentimita 60. Mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kufanya hesabu hiyo bila mashine.

Lakini hapo hapo kuna hesabu ya pili, ambayo inasahauliwa mara nyingi. Upande wa karo umekua mara 20, lakini eneo lake limekua mara 400. Na ukitaka herufi za sentimita 60 ziwe za mita 1 na sentimita 20, usifikiri rangi itaongezeka mara mbili. Itaongezeka mara nne. Makopo ya rangi yanakwisha katikati ya neno kwa sababu hiyo, na wazazi waliochanga wanaanza kuuliza nani alikunywa rangi. Mwalimu wa kuchora na mwalimu wa hesabu wangekaa pamoja saa moja tu, ugomvi mwingi ungekwisha.

Ukuta nao una sheria zake. Mistari ya kusimama inapigwa kwa timazi, hata kama timazi yenyewe ni jiwe lililofungwa ku kamba. Mistari ya kulala inapigwa kwa kamba iliyopakwa chaki, watu wawili wakiivuta na wa tatu akiiachia. Kwa kujua kama pembe ziko sawa, unapima kutoka pembe moja mpaka pembe ya ngambo, mara mbili. Urefu ukilingana, mstatili wako ni wa kweli. Usipolingana, kila herufi italala kama mtu aliyelewa, na hakuna rangi itakayoificha.

2. Kipimo kimetoka wapi

Wako watu wanaosema makaro ni uvumbuzi wa shule ya Wabelgiji. Hapana. Wamisri wa zamani walipiga mistari myekundu ku kuta za makaburi, na mtu aliyesimama alipimwa kwa makaro 18 kutoka nyayo mpaka mwanzo wa nywele. Mu Ulaya, Albrecht Dürer alichapisha mwaka 1525 kitabu cha kupima, ambamo herufi za Kirumi zinajengwa kila moja ndani ya mraba wake kwa rula na bikari. Karibu miaka 170 baadaye, chini ya mfalme Louis XIV wa Ufaransa, wataalamu walipanga herufi za kiwanda cha chapa cha mfalme juu ya wavu wa makaro 2304 kwa kila herufi moja. Fundi aliyekata herufi hizo ku chuma, Philippe Grandjean, hakufuata kila karo. Alisikiliza jicho lake. Tuiweke hiyo moyoni, maana tutairudilia.

Tena kipimo cha herufi si mali ya Ulaya peke yake. Mu Baghdad, Ibn Muqla, aliyekufa mwaka 940, alipima herufi za Kiarabu kwa nukta. Kalamu ya mwanzi ikigusa karatasi mara moja inaacha alama ya pembe nne, na alama hiyo ndiyo kipimo. Alifu inasimama na urefu wa nukta fulani, na herufi zingine zote zinapimwa kutoka kwake. Angalieni vizuri: nukta ile ni karo lililosimama ku pembe yake! Tofauti ni moja. Karo la shule liko nje ya herufi, linaizunguka kama lupango. Nukta iko ndani ya kalamu, inatembea na mkono.

Na herufi hizo zilifika kwetu. Pwani, mu msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 1107. Huku ndani yalikuja na misafara. Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871, akawakuta wafanyabiashara wa pwani. Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip. Barua za biashara, hesabu za pembe na ahadi za deni ziliandikwa kwa Kiswahili ama Kiarabu, kwa herufi za Kiarabu. Hata maisha yake mwenyewe Tippu Tip aliyaandika kwa Kiswahili kwa herufi hizo. Heinrich Brode aliyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Hatusemi hivi kwa kusifu wakati ule. Misafara iliyoleta kalamu ilileta na minyororo, na babu zetu wengi walipita mu minyororo hiyo. Lakini askari wa Leopold walipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, hawakukuta mji usiojua kuandika. Walikuta mji unaoandika kutoka kuume kwenda kushoto.

3. Makaro yanaua mkono?

Sasa tuje ku mabishano. Wako walimu na mafundi wanaosema makaro yanaua mkono: mtoto anakuwa mashine, ananakili, hachori. Mu inchi yetu mabishano haya ni ya zamani. Frère Marc Wallenda alianzisha shule ya Saint-Luc huko Gombe-Matadi mwaka 1943, ikahamia Léopoldville mwaka 1949. Ndiyo mzazi wa Académie des Beaux-Arts ya leo ya Kinshasa. Pale kanuni na vipimo vilifundishwa. Miaka ile ile, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana yake Élisabethville, akakataa kabisa kuwafundisha kanuni za Ulaya. Alitaka kila mmoja atoe kilicho ndani yake. Kutoka huko walitoka Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga na Bela, aliyepaka rangi kwa vidole. Hakuna mtu atakayesema mikono yao ilikufa, na hawakupigishwa makaro.

Hoja hiyo ni nzuri kwa samaki na kwa ndege. Kwa herufi haitoshi. Pilipili anaweza kuchora samaki ambaye hajapata kuogelea mu mto wowote, na sisi tukafurahi. Lakini fundi akichora R ambayo hakuna mtu anaijua, mgonjwa atapita mbele ya kituo cha afya bila kujua ni kituo. Herufi ni mapatano kati ya anayeandika na anayesoma. Uhuru wa mkono uko, lakini una mpaka, na mpaka huo ni jicho la mwenzako.

Tena tuangalie wale walioishi kwa kuandika ku kuta. Chéri Samba alifika Kinshasa mwaka 1972, akafanya kazi ya vibao na matangazo, akafungua karakana yake mwaka 1975. Picha zake zimejaa maneno, kwa Kifaransa, kwa Lingala, kwa Kikongo, na ulimwengu ulimjua zaidi kutoka maonyesho ya Paris ya mwaka 1989. Mu Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi nzima mu miaka ya 1973 na 1974, na maneno yake yako ndani ya picha, pamoja na watu na nyumba. Mu zile picha za Shaba zinazoitwa Colonie Belge, maandishi na miaka ni sehemu ya picha, siyo pembeni. Herufi iliwapa hawa watu kazi, na kutoka kazi wakapata sauti. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba somo la herufi ni somo la watoto wasiojua kuchora.

Na kuna uzuri mwingine wa makaro ambao hatuupati mu njia nyingine: yanagawanyika. Darasa la wanafunzi 40 linaweza kuandika neno moja kama salongo. Kila mmoja anapata safu yake, na yule asiye na kipaji anafanya kazi sawa na mwenye kipaji. Sharti moja tu: alama za mahali ambapo mstari unavuka kutoka karo hadi karo ziwekwe na mtu mmoja kabla ya kugawa. Bila hiyo kila mtoto atamaliza vizuri kwake, lakini herufi itavunjika mpakani. Hata mu salongo ya barabara, ni mtu mmoja anayevuta kamba.

4. Upungufu wa somo, siyo wa makaro

Basi kosa liko wapi? Tumetazama kazi nyingi za wanafunzi, mu karatasi na ku kuta, na tunaona kosa haliko ku makaro. Liko ku somo linaloishia ku makaro.

Kosa la kwanza ni nafasi. Mwanafunzi amefundishwa kuacha karo 1 kati ya herufi na herufi, basi anaacha karo 1 kila mahali, na anafikiri ametenda haki. Mwambie aandike KINDU. I, N na D zinasimama ubavu kwa ubavu, miti iliyonyooka, zinabanana kama abiria mu mtumbwi. Mwambie aandike KASONGO. Kati ya K na A kuna shimo juu, kwa sababu A imechongoka, na kati ya S na O mviringo unakimbia mviringo, nafasi inaonekana kubwa. Rula inasema nafasi zote ni sawa, jicho linakataa. Dawa yake ni nyepesi: miti iliyonyooka iachane zaidi ya karo 1, mviringo na mviringo ikaribiane, na A iingie kidogo mu nafasi ya jirani.

Kosa la pili ni mviringo. O, S na G zikigusa mstari wa juu na wa chini sawasawa, zinaonekana fupi kuliko K na N. Fundi mzoefu anaziacha zivuke mstari kidogo sana juu na chini, upana wa ncha ya burashi tu. Mwanafunzi anayefanya hivyo bila kufundishwa anakatwa pointi, eti ametoka nje ya makaro. Hapo mwalimu anaadhibu jicho zuri.

Kosa la tatu ni kuzipa herufi zote nyumba moja. Mu KABAMBARE, M ikibanwa mu makaro 4 inaziba, weupe wake unapotea, na kutoka mbali inafanana na doa. Ipewe makaro 5, ama hata zaidi. Na I ya KINDU haina haja ya makaro 4. Karo 1 linaitosha. Usawa wa herufi si kila moja kupata sawa, ni kila moja kupata inayoitosha. Hata mu familia iko hivyo.

Kosa la nne ni namna ya kutoa pointi. Kazi inatazamwa ku meza, karibu na pua, na anayepata pointi nyingi ni yule ambaye makaro yake ni safi na rangi haikumwagika. Lakini hakuna anayesoma ukuta na pua. Kazi ya herufi ipimwe hatua 30 kutoka ukutani, asubuhi na tena jioni, na mtu ambaye hakuichora. Akisoma bila kusimama, kazi ni nzuri. Akiuliza "hii ni nini?", kazi irudi.

Tunarudi kwa Grandjean tuliyemtaja. Kama fundi wa mfalme aliyepewa makaro 2304 kwa herufi moja alijua kuyaacha pale jicho lilipomwambia, mwanafunzi wetu mwenye makaro 24 ana haki hiyo pia. Makaro ni mkongojo. Unamsaidia mtu kusimama, lakini mwalimu mwema anajua siku ya kuuchukua.

5. Ubao wa chuo

Lawama yetu kubwa iko hapa. Mu mji huu kuna watoto wanaojifunza herufi mara mbili kwa siku. Asubuhi, shuleni, wanapiga makaro. Saa zingine, mu chuo cha Kurani, wanaandika ku ubao kwa kalamu ya mwanzi, wanasoma, wanaosha, wanaandika tena. Huku wanajifunza kipimo cha nje, kule kipimo cha mkono. Shule haijui kinachotendeka chuoni, chuo hakijui kinachotendeka shuleni, na mtoto mwenyewe hakuna aliyemwambia kwamba hizi ni kazi mbili za ukoo mmoja.

Somo la kuchora linafanya kana kwamba herufi za Kiarabu hazijapata kuonekana Maniema. Tunasema ni hasara, na tunasema hivyo kwa watoto wote, Waislamu na Wakristo, maana historia hii ni ya mji, siyo ya dini moja. Tena hakuna sababu ya ufundi inayozuia. Makaro yanakuza umbo lolote. Kuna hata aina ya Kikufi iliyojengwa yote kwa miraba, inayoonekana ku kuta za misikiti ya Isfahan: hakuna mviringo, hakuna mshazari, ni makaro meusi na meupe tu. Mtoto wa darasa la kwanza la sekondari anaweza kujaza jina lake namna hiyo mu kaye yake. Atajifunza kwamba weupe ulio kati ya herufi nao ni umbo, na hilo ndilo somo lile lile la KINDU na KASONGO.

Kwa mwandiko unaoungana, njia inabadilika kidogo. Unaanza kuume, unapiga kwanza mstari ambao herufi zote zinaukalia, na hauachi nafasi kati ya herufi zinazoungana, unaacha kati ya maneno. Tunaomba jambo moja la adabu: zoezi liwe majina ya watu, ya vijiji, ya mito, ama methali za Kiswahili, siyo aya. Neno takatifu lisiandikwe ku karatasi ya zoezi ambayo kesho itafunga karanga sokoni. Kwa hilo wazee wa msikiti na mapadri watakubaliana bila taabu.

6. Kwa nini tunahangaika

Mtu atasema: hayo yote ya nini, leo kuna mashine? Kaliko inachapishwa mjini ku bashi, na picha na rangi zote. Ni kweli, na hatuichukii mashine. Lakini ni lazima kuagiza, kulipa, kungoja barabara. Na bashi ikipasuka, jina linakwenda nalo. Vita vya miaka 1996 mpaka 2003 vilitufundisha namna barabara inavyoweza kufungwa. Siku ile, mji ambao hauna mikono ya kuandika haujui tena kujiita jina.

Tena mashine inachapisha inachopewa. Aliyeandika KINDU vibaya ku ukuta ataiandika vibaya ku mashine pia. Jicho halinunuliwi pamoja na kompyuta. Na kuna maandishi ambayo hakuna anayeyapeleka ku mashine: msalaba wa mbao, ubao wa kaburi, maneno machache ya jina na miaka miwili. Mara nyingi yanaandikwa haraka, na kijana wa jirani aliyewahi kusoma kuchora. Herufi zinaanza kubwa, nafasi inakwisha, za mwisho zinabanana pembeni. Marehemu analala chini ya jina ambalo halikuenea. Kijana yule angehesabu makaro mbele ya kupaka, jina lingeenea lote.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wa kuchora mambo matatu. Moja, endeleeni na makaro, lakini muwape wanafunzi kazi moja kila muhula ambayo makaro yanafutwa katikati na jicho linamaliza. Mbili, mupime kazi kutoka mbali. Tatu, muite mwalimu wa chuo na fundi wa vibao darasani, hata saa moja kwa mwaka, kila mmoja na kalamu yake, wanafunzi watazame mikono miwili ikiandika KASONGO, mmoja kutoka kushoto, mwingine kutoka kuume, mpaka neno limalizike pande zote mbili.